Jina Lililobaki Majarubani

Sogezeni mkeka karibu, wanangu, maana sauti yangu imekuwa kama maji ya kupwa, kila nikiitazama imerudi nyuma. Upendo, kaa hapa kichwani pangu. Amani, funga mlango wa uani, kuku wasituingilie, lakini ule wa mbele uache wazi kabisa. Nina sababu yake, nanyi mtaijua kabla sijanyamaza. Ile sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, niliyokuomba uipakue, Upendo, ifunike kwa kawa uiweke kizingitini, na asiiguse mtu. Nawe Isaya, mzaliwa wangu wa kwanza, kaa papo hapo kwenye kiti cha dirishani ulipokaa. Tangu uingie hujatamka neno, nami sikulazimishi. Sikiliza tu, ikiwa unasikia.

Mimi Fulgensi, katekista, niliyewafundisha nusu ya watu wa kigango chetu kufanya ishara ya msalaba, sina mengi ya kuwagawia. Nyumba hii ya Mtawanya ni ya Amani, kwa sharti kwamba dada yake asikose chumba humu akiwa na shida au akiwa na hasira. Mikorosho iliyo nyuma ya kanisa ni yenu nyote, wala asiikate mtu kwa ajili ya mkaa, maana marehemu mama yenu Liberata aliipanda akiwa na mimba ya kila mmoja wenu, na anayekata mti wa namna hiyo hukata kitovu chake. Rozari yangu mnizike nayo. Yaliyobaki ni yale majaruba ya chumvi kule mdomoni mwa Ruvuma, na hayo ndiyo niliyowaitia, kwa sababu mali nyingine hurithiwa na mtu, lakini majaruba yale humrithi mtu kabla yeye hajayarithi.

Amani, wewe umekulia mjini na riziki yako iko bandarini, kwa hiyo nitaeleza hata yale ambayo ndugu zako waliyanyonya pamoja na maziwa. Chumvi hailimwi kama muhogo. Bahari hupanda wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, nasi huinua ubao wa mlango wa maji, maji yakaingia mferejini, yakalala mabwawani, kisha tukayashusha majarubani ambako jua huyanywa hata ukabaki weupe mtupu. Hapo mtu huinama na reki yake ya mbao, akavuta, akavuta, akavuta, na weupe ule ukampiga machoni mpaka asijue mbingu imeishia wapi na nchi imeanzia wapi. Na bamvua, wanangu, haisomi kalenda ya Baba Padri. Ikija Jumapili imekuja Jumapili, na ukiikosa mabwawa yatapasuka kama visigino vya mkulima. Huo ndio mtego wa kazi yetu, na kwa bahati mbaya haukutegwa na shetani, maana wa shetani tungeukemea. Umetegwa na riziki, ambayo kila siku twaiomba wenyewe katika Baba Yetu.

Wazee waliochimba majaruba yale walijua kwamba weupe ule hula watu. Hauli mwili, mwili hurudi nyumbani jioni ukaoga ukala ukalala. Hula kile kinachoitika mtu akiitwa. Kwa hiyo walikuwa na desturi: kila jioni mchumvi huilaza reki yake kifudifudi, akasimama juu ya tuta, akaliita jina lake mwenyewe, si jina la ubatizo wala la kitambulisho, bali lile aliloitwa na mamaye alipokuwa hajui hata kutambaa, kisha akageuka akaenda kwake bila kutazama nyuma. Na walikuwa na maneno ya kuitia, ambayo nayasema sasa ili yasifukiwe pamoja nami:

Jina langu nakuita, jua limeshainama,
Kazi nimekwisha ata, reki nayo imekoma,
Usibaki ukisita, chumvini ukasimama,
Twende nyumbani kwa mama, watoto wanatungoja.

Mjomba wangu Kondradi, kaka wa mama yangu, ambaye kwa mila yetu ya Kimakonde ndiye niliyemrithi, alibatizwa akiwa mtu mzima, na bidii ya mwongofu ni moto wa makuti, huwaka juu kuliko paa. Alitoka kisimani mwa ubatizo akatangaza kwamba Mkristo haliiti jina lake kama mganga aitaye mizimu, na tangu siku ile akawa anaitupa reki popote na kuondoka. Shafii wa Mikindani, ambaye majaruba yake yamepakana na yetu na ambaye ulimi wake mnaujua, alimwuliza mbele ya watu, "Haya, Mzee Kondradi, fimbo ya wazee umeitupa. Umeshika nini badala yake?" Mjomba akajibu, "Nimeshika msalaba." Shafii akasema, "Msalaba nauona shingoni, alhamdulillahi. Lakini Jumapili mimi nakuona mlangoni mwa maji." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mjomba naye akacheka, kwa kuwa aliona ni utani. Haukuwa utani. Aliyatupa ya wazee wake, na ya Bwana wake hakuyashika, akabaki katikati, na pale katikati, wanangu, hapakai mtu.

Mkewe, bibi yenu Theodora, ndiye aliyeona kwanza. Alimwambia mama yangu nami nikiwapo, "Wifi, mume wangu anakuja nyumbani kila siku, lakini hajafika." Mama akamwuliza maana yake, akasema, "Nampakulia, anakula. Namsemesha, anatikisa kichwa. Nikimgusa ni baridi kama ukuta wa kisima. Na nikifagia asubuhi, chini ya kiti chake nazoa chumvi." Tukamwambia ni uchovu. Neno uchovu limefunika makaburi mengi.

Mjomba akafa kwenye kiti kile kile, akiwa amekishika kijiko. Tukamzika penye makaburi ya kigango, kwa sala zote, akiwa amevaa shati lake jeupe la Pasaka. Kisha tulipokwenda majarubani baada ya matanga kulikung'uta vumbi la msiba, tulikuta chumvi imevutwa. Marundo yamesimama safi, yamechongwa kwa namna yake yeye, ncha kali upande wa bahari. Tukasema ni mwizi mwenye adabu. Tukayabeba, na tuliporudi marundo yalikuwa yamesimama tena, na mpini wa reki ulikuwa na joto la viganja.

Ndipo kijiji kikalitamka neno ambalo hapa kwetu halitamkwi mtu akila: ndondocha. Mnajua wanavyosema, kwamba wachawi humchukua mtu, wakawaachia ndugu zake mgomba wauzike, na yeye mwenyewe wakamfanya mtumwa wa shamba, halali, haoni, hadai. Na kwa kuwa ndondocha lazima awe na bwana, macho yakamwendea jirani wa mpakani, Shafii, mgeni wa dini na mwenye ulimi mwepesi. Vijana wa kanisani, wanafunzi wangu mwenyewe wa kipaimara, wakaanza kukusanya makuti makavu. Nikajua kwamba nisipokwenda kuona kilichokuwa kule, nyumba ya mtu ingeungua kwa viberiti vya watu niliowafundisha amri kumi.

Nilikwenda adhuhuri, jua la utosi, wakati ambapo mtu hukosa hata kivuli cha kumsindikiza, na Shafii akanifuata kwa nyuma, maana alisema akibaki nyumbani watamchoma na akija huku atakufa kwa hofu, na kwake heri hofu. Tukafika juu ya tuta. Wanangu, nimewafundisha watu habari za malaika na mashetani miaka yote hii, na sijawaambia kamwe nilichokiona, kwa kuwa hakikuwa kati ya hao. Alikuwa mjomba wangu. Ameinama, mgongo kwetu, katika shati lile la Pasaka, anavuta reki. Maji ya jaruba yalimfika kwenye vifundo bila kutikisika. Nikaita, "Kondradi!" Reki haikusita. Nikaita, "Mjomba!" Reki ikaendelea. Nikafanya ishara ya msalaba, nikaanza Baba Yetu kwa sauti, na reki ikaanza kwenda kwa mapigo ya sala yangu, nikipumzika inapumzika, nikiendelea inaendelea, kama ya mtu aliyeizoea sala ile hata haimwamshi tena.

Shafii akaninong'oneza, "Ewe katekista, huyu hakurogwa na mtu. Huyu amejisahau hapa. Mwite kwa jina alilopewa na mamaye." Nami jina lile nilikuwa nalijua kwa bibi yangu. Ingawa jua lilikuwa utosini, nikaita kwa maneno ya wazee, "Chipande! Chipande, jua limeshainama, twende nyumbani." Reki ikasimama. Akanyooka taratibu, kama mgonjwa anayeinuliwa. Akaanza kugeuka, na Shafii akanishika kichwa kwa mikono miwili akanigeuza kwa nguvu. "Usimtazame," akasema, "tembea."

Tukatembea. Nyuma yetu palikuwa na mlio wa nyayo mbichi kwenye njia kavu, chwa, chwa, hauongezeki wala haupungui. Tulipopita penye makaburi sikusikia zikikata kona kuelekea huko. Zilitufuata mpaka kwa Theodora, naye alikuwa mlangoni akipepeta unga wa muhogo, akainua macho, akatazama juu ya bega langu. Hakupiga yowe. Aliweka ungo chini, akajifunga khanga vizuri kama mwanamke anayepokea mgeni wa heshima, akasema, "Leo ndiyo umefika. Karibu, chakula kipo." Kitu cha baridi kikapita kati yangu na Shafii. Nilipothubutu kutazama, palikuwa na alama za nyayo nyeupe za chumvi zimekuja mpaka kizingitini, na ndani hapakuwa na hata moja. Tangu hapo marundo hayakusimama tena, na vijana wakayarudisha makuti yao.

Nilimpelekea Baba Padri habari ile nikiogopa atanivua ukatekista. Mzee yule aliichezea miwani yake, akasema, "Fulgensi, nani wa kwanza kuitwa jina katika Maandiko wakati wa jua kupunga?" Nikasema, "Adamu, Baba." "Aliulizwa nini?" Nikasema, "Uko wapi?" Akasema, "Basi. Aliyeuliza alikuwa anajua alipo. Aliuliza ili Adamu naye ajue." Tangu siku hiyo nililaza reki yangu kifudifudi kila jioni, nikaliita jina langu, kisha nikasali sala ya jioni ya Malaika wa Bwana nikitembea, na Jumapili ubao wa mlango wa maji haukuinuliwa, bamvua ije isije. Wenzangu wakaniita mvivu wa Mungu. Na mama yenu, mkinisifu msimsahau, ndiye aliyenishika pale nilipoteleza, maana kanisa nalo ni jaruba, wanangu, mtu anaweza kuzama humo asirudi kwake. Nilipokuwa nazunguka jumuiya zote za kigango hata sufuria zinapoa, aliniambia, "Katekista, unawaita watu wote kanisani na wanasikia. Mbona chakula kinakuita wewe husikii?"

Na siku ile mvua ya kwanza ilipotupiga ghafla, na chumvi ya kiangazi kizima imerundikwa pale bila turubai, uchungu ulimshika Liberata nyumbani, nikaletewa habari. Watu walikuwa wananiita kwa mikono miwili, huku wakipiga kelele funika, funika. Niliiacha chumvi ikayeyuka yote ikarudi kwa mwenyewe bahari, nikakimbia nyumbani, nikafika wewe Isaya ukitoka, ukilia kwa sauti ya kuishinda radi. Mama yako akacheka katika maumivu yake akakupa jina la nyumbani, Masika, kwa sababu alisema wewe ndiye mvua iliyomrudisha mume wake. Jina hilo nililiona kuwa mavuno bora kuliko yote niliyopata kule.

Sasa nipeni maji kidogo. Kidogo tu. Haya.

Isaya. Nilipokukabidhi reki nilikukabidhi na maneno. Ulinicheka kwa adabu, ukasema, "Baba, siku hizi tuna pampu na turubai, hayo ni ya kina babu." Sikugombana nawe, kwa kuwa u mtu mwema. Wewe ni mwenyekiti wa kigango, umejenga mnara wa kengele, umesomesha watoto wa ndugu, na hakuna aliyewahi kukuona kwenye pombe wala kwa mwanamke wa mtu. Ukitoka majarubani unakwenda kwenye kikao, ukitoka kwenye kikao unakwenda kwaya, ukitoka kwaya unarudi majarubani, na watu wanasema mwana wa Fulgensi ni nguzo. Lakini nguzo, mwanangu, haikumbatiwi na mtu. Mkeo Theopista alikuja hapa akaketi ulipoketi wewe, akasema neno ambalo nilikuwa nimelisikia zamani katika kinywa cha Theodora, kwamba mume anakuja lakini hajafika. Na binti yako mdogo, ambaye hajui kubuni, alinipandia kitandani akaninong'oneza, "Babu, baba wa siku hizi hana harufu."

Na Upendo, sema kama nasema uongo. Juzi dada yenu huyu alikwenda kule mdomoni kwa pikipiki, akamwona kaka yake amesimama katikati ya jaruba adhuhuri, ameinama, anavuta reki. Akaita, "Kaka! Kaka Isaya!" Hakugeuka. Akamwita matusi ya utani ambayo tangu utotoni hayajawahi kukosa jibu. Hakugeuka. Akapanda pikipiki ile ile akarudi huku akilia, akaingia chumbani humu, akamkuta Isaya ananikata kucha. Mikono iliyokuwa ikinikata kucha, wanangu, ilikuwa ya taratibu na yenye heshima, na ilikuwa baridi kama ukuta wa kisima.

Kwa hiyo wosia wangu ni huu, na Amani uushuhudie. Majaruba ni ya Isaya na Upendo pamoja. Lakini ubao wa mlango wa maji utakaa nyumbani kwa Upendo, chini ya kitanda chake, na siku ya Bwana hautatoka, hata bahari ipande mpaka kwenye ngazi za kanisa. Maji ya kwanza ya kila msimu yapite kwa Shafii na wanawe, maana tulimkusanyia makuti naye akatusaidia kumrudisha wetu. Na yeyote atakayelitaja tena neno lile la ndondocha juu ya nyumba yake, huyo si mwanangu. Uenyekiti wa kigango apewe mwingine mpaka Theopista mwenyewe aseme mume wake amefika. Reki ilazwe kifudifudi. Jina liitwe. Na kama hayo hayawezekani, vunjeni tuta mwache bahari ichukue chake, kwani chumvi iliyopatikana kwa kumpoteza mtu haikolezi mboga.

Kengele hiyo. Mnaisikia? Ni Malaika wa Bwana, jua linainama. Salini kimoyomoyo, mimi siwezi kuyafuata maneno yote.

Amani, usishtuke, nitazame mimi. Chai uliyomwekea kaka yako dirishani bado imejaa, sivyo? Nilijua. Na sakafu chini ya miguu yake, usiniambie, naiona kutoka hapa, imeanza kuwa nyeupe. Upendo, usimshike. Msimwogope wala msimtukane, ni mwili wa kaka yenu, umeniuguza vizuri, umefanya yote ambayo mwili unaweza kufanya. Ila mwenyewe hajafika. Nilitaka aseme naam yake ya hiari, nikangoja siku nzima, na sasa sina siku nyingine.

Geuzeni nyuso zenu ukutani, nyote wawili. Mimi njia yangu inapita kule kule mdomoni, na sauti ya mtu anayeondoka haina umbali. Niinueni kidogo. Hivyo.

Masika!

Masika, mwana wa Liberata, jua limeshainama. Mama yako aliona nimerudi kwa ajili yako. Acha chumvi iyeyuke, baba. Laza reki. Twende nyumbani.

Masika.

...Nani amesema naam? Msigeuke. Sauti hiyo imetoka mlangoni, wala si kitini. Zisikilizeni, chwa, chwa, kwenye kokoto za uani kwetu... zimesimama kizingitini. Kawa imefunuliwa. Upendo, pokea, wewe ndiye mwenye nyumba leo, mimi pumzi imekwisha, sema lile neno la Theodora la kumkaribisha... Haya. Umelisema vizuri.

Na huo mkono ulionishika mguu, ule ule wa kaka yenu uliokuwa baridi, una moto, wanangu. Una moto, na una harufu ya jasho na moshi na samaki... ndiye. Analia kama siku ile, kwa sauti ya kuishinda radi. Mwacheni alie. Kisha mpelekeni kwa mkewe, mbichi hivyo hivyo, asipite kanisani wala kikaoni.

Mungu awajue kwa majina yenu ya nyumbani. Awaite jioni, nanyi mwitike. Mimi msiniite tena... nimekwisha laza yangu... kifudifudi...

Liberata, nimefika.